Baraza la Chumba cha Nyuma

"Kura?" mama aliuliza. "Nimesikia sawasawa? Kazi mmeipigia kura?"

"Mama, punguza sauti basi."

"Sipunguzi. Nyumba ni yangu, koo ni langu, na masikio yanayouma ni yako. Hebu rudia."

Mwanawe alikuwa amesimama katikati ya jiko, bukta kiunoni, fulana imetoboka kwapani, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa na ndevu. Hizo ndevu ndizo zilizomkera mama kuliko yote asubuhi ile: ndevu nzuri, nyeusi, zilizochongwa na kinyozi kwa uangalifu, zimeuzunguka mdomo unaosema upuuzi.

"Tulikaa kikao jana," alisema mwana. "Mimi, Spika na Kimya. Tukalijadili kwa kina. Sasa, jambo zito kwa kanuni zetu linataka kura zote tatu ziwe za ndiyo. Ikatokea moja ya hapana. Basi."

"Basi nini?"

"Basi siendi."

Mama aliiweka sufuria mezani polepole, kama mtu anayeogopa kwamba akiiweka kwa nguvu hataishia hapo.

"Na wewe ulipiga ya nini?"

"Kura ni siri, mama."

"Mimi nimekuogesha mpaka ukaanza kuota meno ya ukubwani. Siri gani?"

"Kazi niliitaka," mwana alisema, akitazama ndani ya kikombe. "Ila baraza likishaamua, limeamua. Ningefanyaje?"

"Ungevaa suruali. Ungeanzia hapo."

Habari yenyewe hakuipata kwa mwanawe. Aliipata kwenye simu, asubuhi hiyo hiyo, akiwa kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji wa makava ya magodoro. Kiwanda kilimpa vitambaa vimeshakatwa, vizito, vyenye maua makubwa ambayo hayajawahi kuota kwenye bustani yoyote, naye aliviunga pande zote, akatia zipu ndefu, akakunja, akarudisha. Alilipwa kwa kava. Kava ambalo zipu yake ilikwenda upogo halikulipwa, na aliyelishona aliketi kwenye benchi la ukorido akisubiri kuitwa na kusemwa mbele ya wenzake.

Kwenye benchi hilo hilo ndipo alipokwenda kukaa kumwombea mwanawe kazi, ingawa hakuwa na kava lolote lililoharibika. Msimamizi wa kiwanda alisoma naye shule moja, darasa la nyuma yake, na alikuwa hodari wa kuazima kalamu na kusahau kuirudisha. Siku ile alipita mara kadhaa mbele ya benchi, faili kwapani, akisema, "Nakuja, mama, nakuja," kwa sauti ambayo watu huwatengea wanaoombaomba mlangoni. Mama akamwita dada. Mtu mdogo kwake kabisa, akamwita dada. "Ana cheti, dada. Ana adabu. Hanywi," alisema, na hilo la kunywa hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Kazi ikapatikana. Kusimamia mashine ya kukata sponji, kuingia saa kumi na mbili asubuhi, mafunzo hapo hapo. Kilichobaki ilikuwa kijana afike leo kusaini.

Badala ya kijana ulifika ujumbe, na msimamizi aliusoma wote kwenye simu, kwa raha zake, akitua kwenye kila nukta.

"'Kwako Msimamizi. Baada ya mashauriano marefu na ya kina, Baraza limeona kwamba saa za kuingia kazini haziendani na mwelekeo wa mwanachama wetu kwa wakati huu. Tunashukuru kwa kutufikiria. Tunawatakia uzalishaji mwema wa magodoro.' Umesikia, mama? Uzalishaji mwema. Hilo baraza ni la nani? Mwanao ameingia siasa?"

"Ni utani wa vijana, dada," mama alisema.

"Mimi pia napenda utani. Nafasi iko wazi mpaka kengele ya zamu ya mchana. Ikilia, nampa mpwa wa mhasibu, ambaye hana baraza."

Ndiyo maana mama alikuwa jikoni na sufuria mkononi, na ndiyo maana sasa aliivua aproni, akaitundika, na kuelekea chumba cha nyuma.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Bungeni."

*

Chumba cha nyuma kilijengwa kiwe stoo. Kabla mama hajapata cha kuweka humo, mwanawe na rafiki zake wawili waliingiza kochi lililotupwa na ofisi fulani, kisha runinga, kisha mashine ya michezo ya mpira yenye waya zinazotambaa kila mahali, na tangu walipomaliza sekondari chumba hakikuwahi kukaa kitupu. Spika aliishi kwa dada yake. Kimya aliishi kwa mjomba wake. Lakini kila asubuhi walifika pale kama watu wanaoripoti ofisini, wakagonga, wakasalimia kwa adabu, wakavua viatu mlangoni, na kufanya kazi ya kutofanya kazi mpaka jioni. Hawakuwahi kuchelewa. Mama aliwahi kusema kwamba kama kungekuwa na mwajiri wa kukaa, wangeshapandishwa vyeo.

Kwa maoni yake, wale wawili ndio waliomharibu mtoto. Hilo lilikuwa na faida moja kubwa: lilimwezesha kulala usiku. Mwanawe alikuwa kijana mzuri aliyeshikwa miguu na marafiki, na mtu anayeshikwa miguu unamwonea huruma, humgombezi. Aligombeza kwa jumla tu, kama anavyofagia, kwa sababu vumbi lipo.

Alimkuta Kimya peke yake, amejilaza kwenye kochi, mikono kifuani. Kimya alikuwa kijana mkubwa, mpana wa mabega, aliyezungumza kwa kichwa: kutikisa juu na chini, kutikisa pembeni. Aliinuka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Kichwa kilitikisika pembeni.

Mama alikuwa ameshaliwaza hilo njiani. Alirudi jikoni, akampita mwanawe bila neno, akakaanga mayai mengi kuliko yanayomstahili mtu mmoja, akakata mkate, akapeleka sahani. Alisimama juu yake mpaka lile yai la kwanza liliposhuka.

"Mazuri?"

Juu na chini.

"Yapo na ya kesho. Yapo na ya keshokutwa. Sasa niambie, baba. Kura yako jana ilikuwa ya nini?"

Kimya aliacha kutafuna. "Nyeupe, mama."

"Nyeupe ndiyo nini?"

"Ndiyo."

"Nyeupe ndiyo ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama machoni, na Kimya akamtazama naye, mdomo umejaa mkate. Hakumwamini hata kidogo. Mtu mwenye njaa husema lolote mbele ya yai.

Spika alifika muda si mrefu, akiimba peke yake, shati limepigwa pasi na dada yake. Yeye alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya redio, na alipewa jina hilo kwa sababu ndiye aliyeendesha vikao. Alipomwona mama amekaa kwenye kochi, kwenye kiti chake hasa, alisita na mguu mmoja hewani.

"Shikamoo mama. Leo tumepata ugeni?"

"Kaa, mheshimiwa. 'Uzalishaji mwema wa magodoro.' Wewe ndiye uliyeandika?"

"Nilijaribu kuwa na lugha ya staha."

"Staha yako imenipandisha presha. Kura yako ilikuwa gani?"

"Mama, kanuni inakataza..."

"Nitampigia simu dada yako nimwambie apumzishe hiyo pasi yake. Kijana wa makamo haya anapigiwa pasi ili aje kukaa kwenye stoo yangu?"

Spika aliketi mkononi mwa kochi. Alikohoa, kama anayeanza hotuba, kisha hotuba haikuja. "Nyeupe," alisema. "Naapa, mama. Nilipiga nyeupe."

"Huyu nyeupe, wewe nyeupe, na mwanangu anaitaka kazi. Sasa nyeusi aliipiga nani? Panya?"

Spika alimtazama Kimya. Kimya aliitazama sahani.

"Siwezi kumsemea mjumbe mwingine," alisema Spika.

"Vizuri. Kura inarudiwa. Sasa hivi. Nami nitakuwepo."

*

Ilichukua mjadala. Mwana, aliyeletwa kutoka jikoni akiwa bado na bukta yake, alisema kura ikishapigwa haitenguliwi. Spika alisema inaweza kutenguliwa endapo kuna rufaa. Mwana akauliza rufaa imekatwa na nani. Mama akasema, "Na mwenye nyumba," na Spika akatamka kwamba hoja ina uzito. Ikabaki hadhi ya mama mwenyewe. Baada ya mashauriano ilikubalika kwamba angekuwa mgeni mwalikwa, bila haki ya kupiga kura wala ya kuchangia.

"Kuchangia nitachangia," alisema mama.

"Basi achangie," Spika aliamua upesi.

Mwana alitoa chombo cha kura kutoka nyuma ya runinga: kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa tundu. Ndani yake mlikuwa na vifungo vya nguo, vyeupe na vyeusi. Mama alilipokea, akalitikisa, akachungulia, kisha akawatazama kwa namna ambayo iliwafanya wote watatu wakae wima.

"Hivi ni vifungo vyangu."

Akakitoa kimoja cheusi, akakiinua.

"Miaka yote hii nanunua vifungo vyeusi. Nanunua, vinapungua, nanunua, vinapungua. Nikamshuku mpaka yule mama wa watu aliyekuwa akinisaidia kutunga uzi. Nikaacha kumkaribisha. Kumbe vimekuja huku kuamua mambo ya nchi."

"Vilikuwa vya akiba, mama," mwana alisema.

"Funga mdomo. Vifungo nagawa mimi."

Hapo ndipo fikra ilipomjia, na mkono wake ukaanza kuifanya kabla kichwa hakijamaliza. Mtu mwingine angeona vifungo vyeusi kuwa vyeusi, basi. Mama alikuwa ameishi navyo. Alichambua ndani ya kopo akatoa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha matundu mawili, cha shati la shule. Hicho alimpa Kimya. Cha pili kilikuwa kinene, chenye ukingo, cha koti la mvua. Hicho alimpa Spika. Mwanawe alimpa cha matundu manne, cha kawaida kabisa, cha kukamilisha idadi tu. Kila mmoja akapata na cheupe chake. Vilivyobaki alivimwaga kochini, na kura ingetiwa kwenye kopo tupu. Kifungo ambacho mtu hakukitumia kingewekwa ndani ya soksi ya Spika, ambayo ndiyo waliyoizoea kwa kazi hiyo. Soksi ilikuwa safi. Mama aliinusa kuthibitisha.

Alitabasamu kidogo. Sasa angemjua. Mmoja kati ya hawa wawili alikuwa amekula mkate wake miaka yote huku akimzibia mwanawe njia, na leo angeonyeshwa njia ya kwenda kwao.

"Hoja iliyo mbele yetu," Spika alisema, "ni kwamba mjumbe aruhusiwe kuajiriwa kiwandani. Mgeni mwalikwa ana neno?"

"Ninalo. Mjumbe ana ndevu."

"Neno limepokelewa. Piga kura."

Walipiga kwa zamu, migongo imegeuzwa, kila mkono umefunikwa kwa kitambaa cha kava chenye maua. Tik, likasema kopo. Tik. Tik. Spika aliinua kifuniko, akamwaga vifungo mezani.

Cheupe. Cheupe. Cheusi.

"Moja imepinga," alisema Spika, na sauti ya redio ilikuwa imeshuka. "Hoja imeanguka."

"Unaona, mama?" mwana alisema. Alikuwa ameshaanza kuinuka. "Ndiyo hivyo. Tumerudia, imekuwa vile vile. Kila mtu amejaribu."

Mama aliinama juu ya meza. Alikishika kifungo cheusi kwa kidole gumba na cha shahada, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza. Akahesabu matundu, kisha akayahesabu tena, jambo ambalo mshonaji halihitaji kamwe.

"Kaa chini," alisema.

"Mama, chai yangu inapoa."

"Nimesema kaa."

Akakiweka kifungo kwenye goti la mwanawe.

"Cha matundu mawili nilimpa huyu. Cha koti nilimpa yule. Hiki nilikupa wewe."

Nje mtu alikuwa akiita bei za nyanya. Mwana alikitazama kifungo kilichokaa gotini kama mdudu ambaye ukisogea atauma.

"Na jana?" mama aliuliza. "Jana pia?"

"Mama..."

"Nimemkaangia yule mayai. Nimemtishia huyu kwa dada yake. Nimewatukana moyoni watoto wa watu, na kila siku nilikuwa nawasema waliowalea, maana nilijua hawa ndio waliokuharibu. Jana pia?"

Mwana alitikisa kichwa juu na chini, kama Kimya.

Mama aliwageukia wale wawili. "Mlijua?"

"Mimi nilijua ya kwangu," alisema Spika. "Na huyu hajawahi kudanganya, hata kwenye karata. Sasa hesabu inabaki kwa nani?" Alikuna shingo. "Ndiyo maana nikaandika ule ujumbe kwa mbwembwe, mama. Nilitaka ukasirike na mimi. Mimi nimeshazoea."

Mama aliufikiria ule ujumbe upya, na kila neno la kijinga ndani yake likawa na uzito mwingine.

"Kwa nini?" alimwuliza mwanawe. "Sema tu. Sipigi."

Mwana alikigeuza kifungo gotini. "Nikienda nikashindwa," alisema mwishowe, "nikafukuzwa wiki ya kwanza, nitarudi hapa kama nani? Sasa hivi mimi ni mtu ambaye angefanya kazi, ila wenzake wamekataa. Hiyo naweza kuishi nayo. Nikienda nikaharibu, je? Kila mtu atajua. Wewe utajua."

Kwa dakika ile alikuwa mtoto tu, pamoja na ndevu zake. Mama alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumcharaza kwa ile rula ndefu ya kupimia vitambaa. Kwa kuwa mikono yake haikuafikiana, ilibaki mapajani. Alijua kwamba akimwambia neno jema sasa hivi, neno lolote, kijana angelifunga vizuri na kulilalia mwaka mwingine mzima. Na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

"Haya," alisema. "Kazi huitaki."

"Sijasema siitaki..."

"Umesema mara mbili, kwa kifungo changu. Nani mwingine anaitaka?"

Spika alitazama dari. "Saa kumi na mbili asubuhi," alisema kwa huzuni ya kweli. "Mama, mimi najijua. Nisingependa kukudanganya leo."

"Ahsante kwa ukweli. Utapona. Nani mwingine?"

Kimya aliinua mkono, kama darasani.

Wote walimgeukia. Mkono ulibaki juu, mpana, umetulia.

"Utaweza kuamka saa hizo?" mama aliuliza.

"Naamka saa kumi na moja," alisema Kimya. "Kila siku."

"Saa kumi na moja?" Spika alishangaa. "Unaamka unafanya nini?"

"Nawasubiri nyinyi muamke."

Yalikuwa maneno mengi kuliko ambayo mama aliwahi kuyasikia kutoka kwake kwa pamoja. Alimtazama yule kijana aliyekula kwake tangu sekondari, ambaye kila siku alikuwa ameona mgongo wake tu kwenye kochi, na akaona aibu ya ghafla, ndogo, kali, kama sindano inapopita kwenye kidole.

Hakuipa nafasi.

"Simama," alisema. "Geuka. Mabega hayo, Mungu wangu. Shati lako hilo halifai hata kufutia mashine. Wewe," alimwambia mwanawe, "lile shati lako la bluu lilete."

"Lile la usaili?"

"Una usaili?"

Shati lililetwa. Lilimbana Kimya mgongoni. Mama aliuchana mshono wa nyuma pale pale kwa wembe, akaushona upya akiacha nafasi, Kimya akiwa amesimama kifua wazi na mikono ikificha kitovu. Spika alimfuta viatu kwa soksi ile ile ya kura. Mwana alisimama mlangoni, hana la kufanya, akitoa njia kila mtu alipopita, na kila alipotoa njia alijikuta amesimama kwenye njia nyingine.

"Mama, na mimi?"

"Wewe vaa suruali. Kuna makava yanakwenda leo. Utabeba."

*

Walikwenda kwa miguu, mama mbele, Kimya nyuma yake akitembea kwa tahadhari kama shati limetengenezwa kwa yai, na mwana nyuma kabisa na furushi la makava kichwani, maua makubwa yakimning'inia masikioni. Spika aliwasindikiza mpaka kona, akampa Kimya mkono, akataka kusema maneno ya kumuaga kwa niaba ya baraza, akashindwa, akamkumbatia tu. Kisha akabaki pale kona, mikono mifukoni, kama mtu aliyefika ofisini akakuta imefungwa.

Getini mlinzi aliwatenganisha. Wenye makava dirisha la kushoto, wenye shida nyingine ofisini. Mwana alijiunga na foleni ya akina mama washonaji, ambao hawakuwahi kupata mwanamume katika foleni yao na hawakukusudia kumwacha apite hivi hivi.

"Baba, zipu hizo umetia mwenyewe?"

"Muache, ana ndevu, anajua kazi."

"Shikamooni," mwana alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba! Sogea mbele, mwali, usitupotezee zamu."

Mama alisikia vicheko akiwa ameshafika kwenye ukorido. Mguu wake ulisita. Aliulazimisha uendelee, akalipita lile benchi bila kuketi, akagonga mlango wa msimamizi na kuufungua kabla hajajibiwa.

Msimamizi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alimtazama mama, kisha Kimya, aliyelazimika kuinama kidogo ili aingie.

"Huyu ndiye mwanasiasa?"

"Yule hatakuja. Nimekuletea mwingine."

"Mama, hapa si sokoni, mtu anachagua na kubadilisha. Tulikubaliana mwanao."

"Tulikubaliana mtu wa kusimama kwenye mashine saa kumi na mbili. Huyu anaamka kabla ya hapo. Hazungumzi ovyo, ana nguvu, na hajawahi kuchelewa mahali miaka yote ninayomjua." Mama hakusema ni mahali gani. "Mjaribu. Mpwa wa mhasibu hatakimbia, yupo."

Msimamizi alicheka puani. Alimgeukia Kimya. "Kijana, umewahi kufanya kazi?"

Kichwa cha Kimya kilianza kutikisika pembeni. Mama alimkanyaga kidole.

"Hapana," alisema Kimya kwa sauti. "Lakini nataka."

Nje, kengele ya zamu ya mchana ililia, ndefu, ya kukwaruza. Watu walianza kupita ukoridoni, viatu vikiburuzika, unga mweupe wa sponji nyweleni. Msimamizi aliisikiliza mpaka ikaisha, akapiga meza kidogo kwa kalamu, kisha akavuta droo na kutoa karatasi.

"Anahitaji mdhamini. Akiharibu mashine, akiiba, akitoroka, nakata kwenye makava ya mdhamini. Unaelewa, mama? Kwenye makava yako. Kwa mtoto wa mtu."

"Naelewa."

"Sijui kama unaelewa. Wewe ni nani wake? Hapa pameandikwa uhusiano. Siwezi kuacha wazi."

Mama aliichukua kalamu mkononi mwa msimamizi. Kupitia dirisha aliiona foleni ya dirisha la kushoto: mwanawe alikuwa amefika mbele, ameshusha furushi, na mpokeaji alikuwa akivuta zipu moja baada ya nyingine huku kijana akijipangusa jasho, akieleza jambo kwa mikono miwili, na akina mama nyuma yake wakimsahihisha.

"Nimemlisha tangu ana sare ya sekondari," alisema. "Ameula mkate wangu kuliko mume wangu alivyoula. Andika mama."

"Kalamu unayo, andika wewe. Wewe ndiye unayedhamini."

Akaandika. Akasaini chini yake kwa herufi kubwa, akaigonga kalamu mezani mbele ya msimamizi, na kumsukuma Kimya kwa kiganja mgongoni, pale penye mshono mpya.

"Nenda. Mashine inakusubiri."